Upepo Kwanza

Simama kando ya matatu iliyochorwa na fundi hodari, zile ambazo vijana wa Nairobi huziita nganya, kisha uutazame uso uliochorwa ubavuni kwa umbali wa shubiri moja. Tafuta mahali shavu linapoishia na kivuli kinapoanza. Hutapaona. Kahawia inakolea kuelekea sikioni, inafifia kuelekea puani, na kati ya huku na kule hakuna mstari, hakuna mfuo wa brashi, hakuna unywele uliong'oka ukagandia kwenye rangi. Wapita njia wengi hudhani kazi hiyo yote imetoka kwenye kopo la spreyi. Sehemu yake imetoka huko kweli, na yale maeneo mapana hupulizwa kwa mashine ileile ya gereji inayorudishia rangi magari yaliyogongwa. Lakini jicho, mdomo, na jasho linalometa juu ya paji la uso hutoka kwenye chombo kidogo kinachoshikwa kwa vidole vitatu: brashi ya hewa.

Nimekipenda chombo hiki kwa muda mrefu, na ningetamani watu wengi zaidi wakishike, si mafundi wa matatu peke yao. Ni burudani inayowezekana mezani nyumbani, jioni, kwa mtu ambaye mchana ana kazi nyingine ya kumlisha. Haina njia ya mkato, hata hivyo, na uzuri wake hauonekani sawasawa mpaka ujue kinachotokea kwenye ncha ya sindano.

Ndani ya brashi ya hewa mna sindano moja ndefu ya chuma iliyochongoka taratibu. Ncha yake inakaa ndani ya nozeli, tundu ambalo kwa kawaida lina upana wa milimita 0.2, 0.3 au 0.5. Sindano ikiwa mbele kabisa, tundu limezibwa. Ikivutwa nyuma kidogo, kwa kuwa imechongoka, unafunguka mwanya mwembamba kuizunguka na rangi inapata njia. Wakati huohuo hewa iliyoshindiliwa inapita mbio nje ya nozeli, ndani ya kofia ndogo ya mbele. Hewa inayokimbia hivyo hupunguza shinikizo pale kwenye ncha, kwa hiyo rangi hufyonzwa kutoka kwenye kikombe chake, kisha hewa ileile huipasua kuwa chembe na kuzipeleka mbele. Brashi nzuri, ile ya vitendo viwili, humpa kidole kimoja mamlaka juu ya yote mawili. Ukibonyeza kitufe chini, hewa inatoka. Ukikivuta nyuma huku umekibonyeza, rangi inaanza kuja, na kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi. Bonyeza bila kuvuta, unapata upepo mtupu. Vuta kidogo sana, unapata ukungu usioonekana hadi umepita mahali pamoja mara tatu au nne.

Hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Brashi ya nywele hukuambia iko wapi, maana unaisikia ikigusa karatasi. Penseli hukwaruza. Brashi ya hewa haigusi kitu, na mkono unaoiongoza hauna cha kuegemea isipokuwa macho na kumbukumbu ya kidole. Mtu hujifunza kupima rangi kwa misuli midogo sana, na jambo gumu kuliko yote si kuiweka rangi bali kuiachisha: kuifanya iishe bila kuonekana ilipoishia.

Zipo brashi sahili zaidi, ambazo ukibonyeza tu hewa na rangi hutoka pamoja, na kiasi cha rangi hupangwa kwa skrubu ya nyuma. Wauzaji hupenda kumpa mwanagenzi hiyo kwa hoja kwamba ni rahisi. Naona wanamchelewesha. Kwa kupaka kitu kizima rangi moja inafaa sana, lakini kidole hakijifunzi kuvuta, na siku akihamia kwenye brashi ya vitendo viwili ataanza upya.

Chombo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1879 Abner Peeler, mvumbuzi wa jimbo la Iowa nchini Marekani, aliunganisha sindano ya kushonea, kijiko na vipande vya mbao akapata kifaa cha kutawanya rangi kwa hewa iliyopampwa kwa mkono. Liberty Walkup akanunua haki ya uvumbuzi huo, akauboresha, na katika miaka ya 1880 akaanza kuuza brashi hizo kutoka Rockford, Illinois. Walioichangamkia mapema walikuwa watu wa studio za picha. Picha zilizokuzwa enzi zile zilitoka zimepauka, na alihitajika mtu wa kurudishia vivuli usoni pasipo kuacha alama ya mkono wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Charles Burdick alitengeneza brashi ambayo rangi na hewa hukutana ndani ya kichwa chake, na brashi nyingi zinazouzwa leo bado zinafuata wazo hilo.

Tangu hapo imetumika kwa mema na kwa mabaya. Man Ray, aliyeizoea katika kazi za matangazo mjini New York, aliitumia kuchora picha kamili kati ya 1917 na 1919, na alivutiwa mno na uchoraji usiogusa kitu. Katika Urusi ya Stalin, chombo hichohicho na wembe vilitumika kuwafuta watu kwenye picha. Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wa siri aliyeuawa mwaka 1940, alikuwa amepigwa picha akitembea na Stalin kando ya mfereji wa Moscow. Katika nakala ya baadaye, mahali alipokuwa pamejaa maji. Aliyeyachora maji yale alikuwa na kidole chenye ustadi wa hali ya juu, na inauma kuufikiria ustadi huo ulikotumika.

Sasa tuje kwenye meza yako. Tafuta brashi ya vitendo viwili, yenye kikombe juu, nozeli ya milimita 0.3. Kikombe cha juu huleta rangi kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo unaweza kufanya kazi kwa hewa kidogo na matone machache ya rangi. Zile zenye chupa inayoning'inia chini zinamfaa anayepuliza fulana, kwani chupa hubeba rangi nyingi na hubadilishwa upesi, ila zinadai hewa yenye nguvu zaidi. Nozeli ya 0.2 huchora kope, lakini huziba kwa kila kitu, na anayeanza atatumia jioni yake kuizibua. Iwata ya Japani, Harder & Steenbeck ya Ujerumani, Badger na Paasche za Marekani, zote hutengeneza brashi zinazodumu miaka mingi. Za bei nafuu kutoka China zinafundisha pia, mradi umekubali kwamba huenda utalazimika kuisugua sindano na kuikaza kofia kabla haijatulia. Kabla hujalipa, uliza kama utapata sindano na nozeli za ziada za aina hiyo. Brashi ya fahari isiyo na vipuri mjini kwako itakufaa mpaka siku ya kwanza itakapoanguka sakafuni, na huanguka kwa pua.

Kompresa, mashine inayoshindilia hewa, ndiyo inayostahili kupewa fedha nyingi zaidi. Ile ndogo isiyo na tangi hupeleka hewa kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana kwenye mstari mwembamba. Tangi la lita 3 linatosha kuyatuliza, na linaipa mota nafasi ya kupumzika. Wako wanaouliza kama wanaweza kujiunganisha na kompresa ya fundi wa magurudumu aliye jirani. Wanaweza, kwa masharti. Kompresa ile hujaza tangi hadi bar 8 hivi, na kazi nyingi za rangi ya akriliki hufanywa kwenye bar 1 hadi 1.5, yaani psi 15 hadi 22. Bila regyuleta ya kupunguza shinikizo hilo, huwezi kuchora chochote. Isitoshe, nyingi hupitisha mafuta ya mashine ndani ya hewa, na tone moja la mafuta chini ya rangi huacha duara ambamo rangi hukataa kukaa.

Mkazi wa Mombasa, Tanga au Unguja ana adui mwingine. Hewa ya pwani imejaa mvuke, na hewa ikishindiliwa kisha ikapoa tangini, mvuke ule hugeuka maji. Maji hayo hupanda bomba, hufika kwenye brashi, na hutemwa juu ya kazi yako wakati umebakiza kidogo kumaliza. Chujio la maji karibu na regyuleta ni la lazima huko, na tangi lifunguliwe chini likamuliwe kila baada ya kazi. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi na hewa yake kavu, mambo hugeuka: rangi hukaukia kwenye ncha ya sindano ukiwa bado unachora. Mstari unaanza kukatika, unavuta kitufe zaidi, kisha kigae kidogo kinang'oka na rangi inaruka kwa kishindo. Weka karibu yako kijiti cha pamba chenye maji na uifute ncha kila baada ya dakika chache, na tone la dawa ya kuchelewesha ukaukaji ndani ya kikombe husaidia sana.

Kuhusu wepesi wa rangi, mafundi wote niliowasikiliza husema neno moja: maziwa. Iongezee akriliki maji au kiyeyushi chake mpaka ikitikiswa kikombeni iteremke ukutani kama maziwa mabichi, ikiacha utando mwembamba nyuma yake. Ikiwa nzito, itatoka kwa vipande na kuacha uso unaokwaruza. Ikiwa nyepesi mno, itakimbia. Kwa majuma ya mwanzo, hata akriliki usinunue. Rangi ya chakula iliyotiwa maji haizibi nozeli, husafishika kwa maji ya bomba, na karatasi za ofisini zilizochapwa upande mmoja zinapatikana bure.

Katika gereji moja ya Eastlands, Nairobi, nilimtazama kijana akiandaa kuchora jicho la mwanamuziki kwenye ubavu wa basi dogo. Hakuanza na jicho. Aligeuka pembeni, akabonyeza kitufe, akausikiliza upepo mtupu, akapunguza regyuleta kidogo, akausikiliza tena. Kisha akapuliza mistari michache juu ya kipande cha bati. Alipoona ninamtazama kidole, alisema, "Upepo kwanza, mzee. Rangi itajipeleka."

Hilo ndilo somo zima la mpangilio. Bonyeza, hewa itangulie. Anza kusogeza mkono. Vuta, rangi ije wakati mkono tayari unatembea. Rudisha kitufe mbele, rangi ikome, mkono ukiwa bado unatembea. Mwisho kabisa achia hewa. Anayeleta rangi kabla ya mkono kutembea ataona kidoa mwanzoni mwa kila mstari. Anayekata hewa kabla ya rangi ataacha tone ndani ya kofia, na tone hilo litarushwa mara nyingine atakapobonyeza. Wengi hukata tamaa kwa sababu ya vidoa hivi viwili wakidhani brashi yao ni mbovu, na kumbe ni mpangilio tu.

Zoezi la kwanza ni nukta. Chora miraba kwa penseli, weka nukta moja kwenye kila pembe, zote za ukubwa mmoja, kisha ndogo zaidi, kisha kubwa. Ukiwa karibu mno na rangi ikiwa nyingi, hewa itaitawanya rangi mbichi na nukta itaota miguu ya buibui. Usiichukie miguu hiyo, inakufundisha: punguza rangi, punguza hewa, au rudi nyuma. Baada ya nukta, mistari. Ncha ikiwa chini ya sentimita moja kutoka karatasini mstari ni mwembamba na mkali. Ukiinua mkono unapanuka na kulainika. Mkono mzima utembee kutoka begani, maana kiganja kikizunguka, mstari hujipinda kama upinde hata kama hukukusudia.

Kisha mkuki: mstari unaoanza mpana, laini, ukiisha na ncha kali. Unaanza juu, unateremka huku unapunguza rangi, na vyote viwili, kimo na kiasi, vifike sifuri mahali pamoja. Kope ni mikuki. Nyasi ni mikuki, ndimi za moto ni mikuki, nywele zote ni mikuki. Nimewahi kuona daftari la fundi mwenye kazi za kutosha ambaye bado huchora ukurasa wa mikuki kila asubuhi kabla ya kugusa bodi ya gari, na kurasa zile peke yake ningezitundika ukutani.

Zoezi la mwisho, na ninalolipenda zaidi, ni ufifizaji. Mraba mtupu, upande mmoja uwe umekoza kabisa, upande wa pili uwe karatasi tupu, na pasiwe na mahali popote ambapo jicho linaweza kusema hapa ndipo. Kosa la kila mtu ni kutaka kulimaliza kwa mpito mmoja. Ukiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka karatasini, pitisha ukungu mwembamba unaotia shaka kama umepita kweli. Ngoja ukauke. Pitisha mwingine, ukiishia nyuma kidogo ya ule wa kwanza. Endelea. Mpito wa kumi ndio unaoanza kuonyesha sura, na anayefika hapo kwa utulivu hugundua kwamba amekuwa akiitazama karatasi kwa makini kuliko alivyowahi kutazama karatasi yoyote.

Macho yetu, huku kwetu, yamelelewa na kingo. Kanga ina pindo na mji, na kati yao kuna mpaka. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi zinazong'aa juu ya vibao, alimpa kila mnyama ukingo ulio wazi, na nguvu ya picha zake imo humo. Naupenda mtindo huo kwa dhati. Ndiyo maana ufifizaji hunisisimua: ni uzuri wa namna nyingine kabisa, na vijana wa gereji wameuingiza barabarani, mahali ambapo maelfu ya watu huuona bila kulipa kiingilio. Haikuwa rahisi. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2004, zinazokumbukwa kwa jina la waziri John Michuki, zilizitaka matatu zote ziwe na mstari wa njano, na michoro ikabanwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitaka vijana waachwe wachore. Mikono iliyokuwa imevumilia miaka kumi ilirudi na picha kubwa zaidi.

Kingo kali zina nafasi yake hata hapa, na hutengenezwa kwa kuziba. Utepe wa karatasi uliobanwa vizuri huacha mpaka mkali. Kadi iliyoinuliwa kidogo juu ya kazi huacha mpaka laini, na kadiri inavyoinuliwa ndivyo unavyolainika. Karatasi iliyochanwa kwa mkono hutoa mawingu: unaisogeza, unapuliza kwenye ukingo wake, unaisogeza tena. Mfuko wa neti wa vitunguu ukivutwa juu ya bati na kupulizwa huacha magamba ya nyoka au samaki yaliyopangika kuliko mtu angeweza kuchora kwa saa nzima. Mbinu hizi huwapendeza wanaoanza kuliko kitu chochote, na hakuna ubaya, ila zinaweza kumfichia mtu udhaifu wa kidole chake. Magamba yakishakaa, tumbo la nyoka bado linahitaji kivuli, na kivuli hakina neti.

Jambo moja la rangi linastahili kuelezwa kwa utulivu, nalo ni nyeupe. Ukipuliza ukungu mweupe juu ya rangi iliyokoza, unatokea samawati. Chembe ndogo za rangi nyeupe hutawanya mwanga wa samawati zaidi kuliko mwingine, na utando ukiwa mwembamba, jicho linaupokea mwanga huo. Vitabu vingi vya kufundishia, vilivyoandikwa kwa ajili ya ngozi za Wazungu, huliita hili tatizo na kushauri utie nyeupe tone la njano au la rangi ya chungwa. Kwenye ngozi yetu naona ni zawadi. Mtazame mtu mweusi akisimama nje mchana: juu ya paji la uso na kwenye mfupa wa shavu kuna mng'ao wa samawati, kwa sababu ngozi imeiakisi mbingu. Mafundi wa nganya wanalijua hili kwa mikono. Wanaanza na kahawia nyekundu, wanazamisha vivuli kwa zambarau, na mwishoni wanapitisha ukungu mweupe mwembamba pale mbingu inapogusa. Uso unaamka. Sijaona kitabu kinachofundisha ngozi nyeusi vizuri kama ubavu wa matatu unavyoifundisha.

Kusafisha kunachukua karibu nusu ya muda wa burudani hii, na asiyependa kusafisha atafute nyingine. Kila ukibadilisha rangi, mwaga, suuza kikombe, puliza maji hadi yatoke meupe. Ziba kofia kwa kitambaa, vuta kitufe, hewa irudi nyuma na kutoa mapovu kikombeni. Povu hilo hung'oa rangi iliyojificha. Mwisho wa kazi toa sindano, ifute kutoka kwenye unene kuelekea ncha, kamwe si kinyume. Ncha ikipinda, rangi itatoka upande. Unaweza kuinyoosha kwa kuiviringisha taratibu juu ya msasa laini wa 2000. Mapovu yakitokea kikombeni bila kuitwa, ujue hewa inavuja kwenye nozeli, pengine imelegea au imepasuka kwa kukazwa kupita kiasi. Thina kali na asetoni hutafuna pete za mpira, kwa hiyo visitumike kulowekea brashi nzima.

Na mapafu. Hapa naomba mtu asinifanyie mzaha. Ukungu unaotoka kwenye brashi ni mwembamba vya kutosha kufika ndani kabisa ya kifua, hata ukiwa wa akriliki isiyonuka. Fungua madirisha, vaa barakoa yenye vichujio vya kweli. Rangi zenye kadimiamu usizipulize kabisa. Ile klia ya gari inayochanganywa na kikaushio huwa na isosianati, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kazi hiyo mpelekee mwenye chumba na vifaa vyake. Rangi za thina zisipulizwe jikoni wala karibu na moto wowote. Gereji nyingi nilizozipenda hazina hata barakoa moja ya maana, na wale vijana wenye mikono ya dhahabu wanapumua wanachopuliza. Anayemlipa fundi kuchora basi zima angeweza kumnunulia na kichujio.

Watu huuliza waanze kuchora nini baada ya mazoezi. Helmeti ya bodaboda huwajia wengi akilini, nami huwazuia, kwa sababu thina inaweza kudhoofisha ganda la plastiki litakalohitajika siku ya ajali. Madigadi ya pikipiki yanafaa, yakisuguliwa msasa na kupigwa praima. Waokaji wa keki hutumia brashi hiihii kwa rangi za chakula, lakini brashi iliyowahi kubeba rangi nyingine isikaribie keki tena.

Jibu langu ni hili: chora embe. Dodo lililoiva nusu, ulinunue kwa ajili hiyo, uliweke mezani karibu na dirisha. Lina kijani penye kikonyo, njano tumboni, na wekundu begani palipopigwa na jua, na rangi hizo tatu hazina mpaka hata mmoja kati yao. Kata umbo lake kwenye karatasi uibandike kama kizuizi. Puliza njano inayopitisha mwanga juu ya umbo lote, ukiacha mahali pa mng'ao pakiwa karatasi tupu. Leta wekundu kwenye bega, kwa ukungu, mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Leta kijani. Kivuli cha chini kifanye kwa zambarau badala ya nyeusi, kwa sababu zambarau juu ya njano hutoa kahawia hai, na nyeusi huliua tunda. Madoadoa madogo ya ganda yaje mwishoni, ncha ikiwa karibu, hewa kidogo. Kikonyo kichore kwa brashi ya nywele, kwani kina ukingo mkali na brashi hiyo inakiweza.